Droni za Kujitolea Zinazotafuta Waliopotea Porini Kigoma: Tathmini Yangu

Kikundi ninachokitathmini hapa ni cha vijana wa Kigoma Mjini wanaojitolea kutafuta kwa droni watu waliopotea porini. Neno langu la kwanza ni kwamba huduma yao inafaa na inastahili kuitwa mapema, ila thamani yake kubwa haipo pale ambapo watu wengi wanadhani ipo. Wengi huwaita wakiamini kwamba ndege ile itapanda, itaukagua msitu mzima kwa dakika chache na kumwonyesha aliyepotea kwenye skrini. Jambo hilo hutokea, nami nimelishuhudia, lakini katika misitu yetu halitokei mara nyingi. Kinachonifanya niwasifu vijana hawa ni kwamba wanapomaliza kuruka huandika wazi ni wapi walikoona vizuri, ni wapi walikoona nusunusu na ni wapi ambako hawakuona kitu kabisa. Na kwa familia ambayo ndugu yao yumo msituni, karatasi hiyo ina faida kuliko picha yoyote ya angani.

Mimi ni mwongoza watalii, na kazi yangu hunipeleka kwa miguu katika vilima vya Masito wilayani Uvinza, kwenye vijia vya kando ya Ziwa Tanganyika, na wakati mwingine hadi upande wa Mahale. Nchi hii ni nzuri kutembea na ni rahisi kupotea. Uso wa ziwa uko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na kutoka ufukweni ardhi hupanda ghafla kwa matuta yaliyokatwa na makorongo, kiasi kwamba watu wawili waliotenganishwa na tuta moja hawasikiani hata wakiitana kwa nguvu zao zote. Mahale, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985, ina zaidi ya kilomita za mraba 1,600, na kilele chake cha Nkungwe kinafika mita 2,462. Mtandao wa simu hukatika mara tu ukishaingia bondeni. Helikopta si kitu ambacho mtendaji wa kijiji anaweza kukiita akakiona kikitua jioni ile ile, kwa hiyo mtu akipotea huku wanaomtafuta ni wanakijiji wenyewe: vijana, mgambo, warina asali, na wazee wanaozijua njia tangu ujana wao.

Kwamba kazi hiyo ni ngumu hata kwa wanaoijua ardhi, mkoa huu una kumbukumbu yake. Mwaka 1969 mtafiti kijana kutoka Marekani, aliyekuwa akiwafuatilia sokwe peke yake katika hifadhi ya Gombe, alianguka kutoka kwenye jabali, na mwili wake ulipatikana baada ya siku kadhaa za kutafutwa. Gombe ina kilomita za mraba zipatazo 52 tu, na waliomtafuta walikuwa watu wanaoishi humo. Baada ya msiba huo watafiti wakawa wanatembea wakiwa na wasaidizi wenyeji, jambo ambalo hadi leo naliona kuwa kinga bora kuliko kifaa chochote nitakachokitaja hapa chini.

Anayetaka huduma hii asianze kwa kumpigia rubani. Kwanza taarifa ifike polisi kwa namba 112 au Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, na ifike kwa mtendaji wa kijiji au wa kata ambako mtu ameonekana mara ya mwisho. Kikundi hakiondoki mjini mpaka kimethibitisha kwamba mamlaka hizo zinajua. Sharti hilo huwaudhi watu walio katika hofu, nami ninawaelewa, lakini lina sababu. Droni nchini husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga chini ya kanuni za mwaka 2018, kuirusha kunahitaji pia kibali cha Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa, na ndani ya hifadhi za taifa hairuki bila ruhusa ya TANAPA, shirika linalozisimamia. Kikundi kinachorusha kiholela kitanyang'anywa vifaa siku moja, na kesho yake hakutakuwa na wa kumwita. Marekani kwenyewe, ambako utafutaji wa namna hii ulianza mapema, mamlaka ya usafiri wa anga iliiandikia Texas EquuSearch, shirika la kujitolea la kutafuta waliopotea, mwaka 2014, ikiitaka iache kutumia droni. Suala likapelekwa mahakamani, na mahakama ikasema kwamba barua pepe ile haikuwa na nguvu ya kisheria. Sisi hatuwezi kungoja mahakama wakati mtu yuko porini. Ni heri makaratasi yawe yamekamilika kabla hajapotea mtu, na kwa upande huo vijana hawa nimewakuta wamejiandaa: kila rubani hutembea na nakala za vibali vyake kwenye mfuko wa plastiki, na humwonyesha mtendaji kabla hajaombwa.

Huduma yenyewe ni bure. Anayeita hugharamia mafuta ya gari au nauli ya boti, petroli ya jenereta ya kuchajia betri, na chakula cha vijana wawili au watatu. Sijaona wakiomba zaidi ya hapo, na familia moja ilipotaka kuwapa fedha baada ya ndugu yao kupatikana, walizikataa kwa heshima mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

Jambo lililonipendeza kabla hata ya droni kutolewa mkobani ni maswali yao. Wanataka kujua mtu alionekana wapi mara ya mwisho na nani alimwona. Alivaa nguo za rangi gani, hadi soksi na kofia. Alibeba maji kiasi gani. Simu yake ilipatikana mara ya mwisho saa ngapi. Ana ugonjwa gani. Na zaidi ya yote, alikuwa anakwenda kufanya nini. Mtu aliyekwenda kuokota kuni hapotei kwa namna moja na aliyekwenda kupiga picha. Maswali haya huchukua muda, na ndugu hukereka wakiona vijana wameketi na daftari ilhali jua linapanda, lakini bila majibu yake droni haina mahali pa kwenda. Mwezi wa tano mwaka 2013, katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, polisi walimpata kwa droni yenye kamera ya joto, yaani inayoonyesha joto la vitu badala ya rangi zake, dereva aliyepata ajali usiku na kutangatanga kwenye baridi, baada ya helikopta kumkosa. Na walimpata kwa sababu simu yake ilikuwa imetoa mahali alipo, droni ikapelekwa huko. Tukio hilo hutajwa kila mara kuwa la mwanzo la droni kuokoa maisha. Sehemu ya simu husahauliwa, nayo ndiyo yenye funzo kwa anayetafuta.

Utafutaji wa kwanza nilioufanya pamoja nao ulikuwa wa kijana aliyekuja mwezi wa saba na msafara wa mwongozaji mwenzangu. Alitengana na wenzake jioni, giza likaingia hajarudi, na usiku ule watu waliita na kuwasha mioto bila mafanikio. Vijana wa droni walifika kabla ya alfajiri wakaanza maswali yao, na rafiki mmoja wa kijana akakumbuka kwamba mwenzake alikuwa amesema mchana anataka kuliona jua likizama juu ya milima ya Kongo. Neno hilo moja liliondoa mabonde yote ya upande wa mashariki katika hesabu. Kutoka kambini kulikuwa na tuta moja tu ambalo ziwa linaonekana wazi, na droni ikaelekezwa huko.

Hapa Kigoma jua la mwezi wa saba huchomoza baada ya saa moja asubuhi, kwa hiyo walipoirusha kulikuwa kunapambazuka na mawe yalikuwa bado yamepoa. Kwenye skrini ya kamera ya joto ardhi ilikuwa ya kijivu, na juu yake vikatokea vidoa vitatu vyeupe. Mwenzangu alishangilia, rubani akamwambia, "Kaka, subiri kidogo." Vidoa viwili vilikuwa vichuguu, ambavyo hutunza joto la mchana hadi asubuhi, alivitambua kwa kuwa kingo zake zilififia taratibu kuelekea nje, na kwa kuwa umbo lake halikubadilika alipoizungusha droni pande zote. Kidoa cha tatu kilikuwa chembamba, na upande mmoja kilikuwa cheupe zaidi kuliko mwingine. Akaishusha droni kidogo, akahamia kamera ya kawaida na kuivuta picha: kukaonekana kiatu, kisha goti, kisha uso uliokuwa unatazama juu kutafuta mlio unakotoka.

Kijana alikuwa ameteguka kifundo cha mguu na amekaa kwenye jiwe lililochomoza chini kidogo ya kilele, mahali ambapo mpita njia wa juu asingemwona. Kuanzia hapo droni ilifanya kazi ambayo watu hawaizungumzii sana: ilibaki angani juu yake, ikishuka kubadilishiwa betri na kurudi, na rubani akawaongoza waliokuwa wanapanda kwa redio ya mkononi, akiwaambia lini wapite kushoto, wapi kuna mwamba usiopitika, na lini wapumzike kwa kuwa mteremko ulio mbele yao ni mkali kuliko wanavyouona. Kumwona mtu ni jambo moja. Kumfikia bila mwingine kuumia ni jambo lingine, na kwa hili la pili ninawapa alama zote.

Tuta lile, hata hivyo, lilikuwa la nyasi fupi na mawe, na kwenye uwazi wa namna hiyo droni haina mpinzani. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2014 huko Wisconsin, Marekani, ambako mzee wa miaka 82 aliyetafutwa kwa siku tatu alionekana katika shamba la maharage ndani ya dakika 20 baada ya mtu mmoja wa kujitolea kurusha droni yake. Sehemu kubwa ya Masito si shamba la maharage. Ni msitu wa miombo, na katika mabonde yake ni msitu mnene wa kandokando ya vijito, na hapo ndipo anayeita huduma hii anapaswa kuelewa kifaa hiki kinafanyaje kazi.

Kamera ya joto haipenyi majani. Inasoma joto la uso wa kitu kilicho mbele yake, na kama mbele yake kuna jani, inasoma joto la jani. Miombo hupukutisha majani kipindi cha kiangazi, na kuanzia mwezi wa saba hadi wa tisa unaweza kuona ardhi kutoka juu katika sehemu nyingi. Mvua zikishaanza, msitu hufunga na kamera hubaki ikitazama paa la kijani. Saa za siku nazo zina sheria yake. Kufika saa sita mchana, jiwe na udongo mtupu vimepata joto sawa na la mwili wa binadamu au zaidi, na mtu aliyeketi juu ya mwamba hutoweka kwenye skrini ingawa yuko peupe. Katika kiangazi kuna pia moto wa nyasi, na magogo yanayofuka kwa siku nyingi huijaza skrini vidoa ambavyo kila kimoja kinapaswa kukaguliwa.

Kisha kuna hesabu, ambayo ningependa kila mwongozaji aijue kabla hajaahidi chochote kwa familia. Kamera za joto za droni za aina hii huunda picha kwa vinukta 640 kwa 512. Droni ikiwa mita 60 kutoka ardhini, mtu aliyelala huwa na urefu wa vinukta kama ishirini na upana wa vitano. Ikipanda mita 120, vinabaki kama kumi kwa viwili au vitatu, na hapo hutofautishi mtu na nguruwe pori. Ukikaa kwenye mita 60, upana wa ardhi unaoonekana kwa mkupuo mmoja ni kama mita 50. Ili kukagua kilomita moja ya mraba inakubidi kupita mara ishirini, yaani kuruka kilomita 20. Watengenezaji hutangaza betri ya dakika 45, lakini ukitoa upepo, kupanda, kugeuka na akiba ya kurudi salama, unabaki na dakika kama thelathini za kazi. Kwa mwendo wa taratibu wa kutafutia, basi, betri moja haimalizi kilomita moja ya mraba. Rudi sasa kwenye ukubwa wa Mahale nilioutaja, utaona kwa nini neno la rafiki kuhusu machweo lilikuwa na thamani kuliko betri zote zilizokuwa mkobani.

Watafiti wa sokwe katika bonde la Issa, kaskazini-mashariki ya Mahale, walilijaribu jambo linalofanana na hili, wakalichapisha mwaka 2018: walipiga picha za droni juu ya msitu ambao viota vya sokwe vilikuwa vimehesabiwa na watu wa miguuni, kisha wakatafuta viota hivyo kwenye picha. Vingi havikuonekana, na vilivyoonekana vilikuwa hasa vile vilivyojengwa juu kabisa ya mti au mahali penye uwazi. Kiota kiko juu mtini. Mtu aliyepotea yuko chini ya mti. Mwaka huo huo, majaribio yaliyofanywa Wales na Ireland, ambako timu za droni na timu za miguu zilishindanishwa kumtafuta mtu aliyefichwa makusudi, yalionyesha kwamba timu za droni zilipompata zilimpata haraka zaidi, ila timu za miguu zilimkosa mara chache zaidi. Hayo ni matokeo ambayo kampuni kubwa ya kutengeneza droni ilishiriki kuyatafuta na ikayatangaza, kwa hiyo hayawezi kusemwa kuwa ni maneno ya wanaoipinga teknolojia.

Utafutaji wa pili ndio ulionifundisha kwa nini kikundi hiki ni cha kuaminiwa. Ulikuwa msimu wa mvua, na mama mmoja wa kijiji cha jirani alikuwa ameingia msituni kuokota uyoga na wenzake, akaachwa nyuma. Kila mwaka watu hupotea kwa namna hiyo, kwa sababu mwokota uyoga hutazama chini, hufuata uyoga na si njia, na hugeuka mara nyingi bila kujua. Msitu ulikuwa umefunga. Droni ilizunguka tangu asubuhi hadi wingu la mvua lilipoishusha, na haikuona mtu.

Rubani mvivu angesema, "Tumeshapita huko, hayupo." Sentensi hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote katika kazi hii, kwa maana wanaotembea kwa miguu wakiisikia huliacha eneo hilo na kwenda kwingine, na aliyepotea hubaki katikati ya mahali palipotangazwa kuwa patupu. Vijana hawa walitandaza ramani kwenye meza ya ofisi ya kijiji na kuipaka rangi tatu. Kijani ilikuwa nyasi na mashamba, ambako walisema wana uhakika kwamba asingekuwepo bila kuonekana. Njano ilikuwa miombo yenye nafasi, ambako walisema wangeweza kumwona kama angekuwa amesimama mahali pa wazi na nguo zake za rangi. Nyekundu ilikuwa vijito na mabonde, na juu yake rubani aliandika kwa kalamu: hatukuona ardhi. Kisha akamgeukia mzee mmoja mrina asali akamwuliza, "Mzee wangu, kati ya hizi nyekundu, wewe ungeanza na ipi?"

Mzee alionyesha bonde moja bila kusita, akaeleza kwamba uyoga wa wiki ile huota chini ya miyombo mikubwa kwenye ukingo wa bonde hilo, na kwamba mtu akiteremka kufuata maji hapo hawezi kupanda tena upande ule ule kwa sababu ya utelezi. Watu wote waliokuwa wametawanyika kwenye kijani waliitwa wakapelekwa huko. Droni ilizimwa kwa makusudi. Mlio wake, ambao kwa aliyepotea ni faraja, kwa anayetafuta huzuia kusikia, na vijana hawa huweka vipindi vya ukimya ambapo hakuna kinachoruka wala mtu anayesema. Watu huita mara moja kwa pamoja, kisha husikiliza. Katika kipindi kimojawapo ndipo sauti ya mama ilipojibu kutoka chini ya bonde. Kwenye taarifa ya kikundi, ambayo niliisoma baadaye, imeandikwa kwamba aliyempata ni mzee yule na wanakijiji, na jina la droni limetajwa tu katika sehemu ya ramani. Nimewaheshimu zaidi kwa sentensi hiyo.

Sasa nieleze yasiyoniridhisha, maana yapo.

La kwanza ni picha. Droni hupiga mamia ya picha kwa kila safari, na macho ya rubani anayetazama skrini juani hayawezi kukamata kila kitu. Picha hizo zinapaswa kukaguliwa upya kwa utulivu, na hapa kikundi kiko nyuma sana: kompyuta mpakato ni moja, mkaguzi ni yule yule aliyechoka kwa kurusha, na ukaguzi huanza usiku jenereta likishawashwa. Italia, mwishoni mwa Julai 2025, mwili wa daktari mpanda milima aliyepotea tangu Septemba 2024 kwenye mlima Monviso ulipatikana baada ya programu ya kompyuta kukagua picha zaidi ya elfu mbili za droni na kuonyesha vinukta vichache vyekundu. Vilikuwa helmeti yake. Zipo programu za kutafuta rangi ngeni kwenye picha ambazo hazihitaji mtambo mkubwa. Vijana wakipata programu ya namna hiyo, na wakawapa picha wenzao walioko mjini wenye mtandao na macho yasiyochoka, watakuwa wamefanya zaidi ya kununua droni nyingine. Kwa upande wetu waongozaji, tukio hilo lina agizo la wazi: acheni kuwavalisha wageni kaki na kijani. Kitambaa chekundu au cha njano kali, hata kitenge kilichokunjwa mfukoni cha kutandaza juu ya jiwe, kinaonekana kutoka angani pale ambapo mtu mzima haonekani.

La pili ni skrini. Katika utafutaji wa kijana yule, ndugu na marafiki walisimama nyuma ya rubani wakitazama kila kidoa. Safari ile iliisha vizuri. Siku ambayo kamera itaonyesha maiti, mama mzazi hapaswi kuijua habari hiyo kwa namna hiyo, wala picha haipaswi kuwa kwenye simu za vijana wa kijiweni kabla polisi hawajafika. Nimewaeleza, na wamekubali kwamba rubani akae ndani ya gari au nyuma ya turubai akiwa na mtu mmoja tu aliyeteuliwa na familia, lakini bado sijaona utaratibu huo umeandikwa mahali.

La tatu ni uhaba. Droni yenye kamera ya joto ni moja, na ya pili ina kamera ya kawaida tu. Wito ukitoka Kalya na mwingine Kakonko siku moja, mmoja utasubiri. Hili siwalaumu, nalitaja ili atakayewaita ajue, na ili wenye uwezo wa kuchangia wajue pa kuanzia, ambapo kwa maoni yangu ni betri na jenereta dogo zaidi kuliko droni mpya.

Kuhusu hifadhi, kuna ugumu ambao hauko mikononi mwao. Mgeni akipotea ndani ya Gombe au Mahale, askari wa hifadhi ndio wenye utafutaji, na droni ya kujitolea husubiri ruhusa. Ningependa kuona ruhusa hiyo ikijadiliwa mapema kati ya kikundi na wahifadhi, kwa maandishi, ikieleza nani ataamua, droni itaruka umbali gani kutoka kwa makundi ya sokwe, na picha zitabaki kwa nani. Wahifadhi wana sababu za msingi za kuzuia droni, kwani wanyama hutaharuki kwa mlio wake na majangili nao wanaweza kuitumia, kwa hiyo makubaliano lazima yawe finyu na ya dharura tu.

Kwa jumla ya alama ninawapa nyota nne kati ya tano. Kwa mwongozaji anayepeleka wageni kwenye matuta ya wazi wakati wa kiangazi, waiteni saa ile ile mnapogundua mtu hayupo, wala msingoje asubuhi, kwa sababu wanahitaji usiku huo kusafiri ili wawepo kabla jua halijapasha mawe. Kwa familia ya mtu aliyeingia msitu mnene wakati wa mvua, waiteni pia, lakini msimrudishe nyumbani hata mtu mmoja aliyeko msituni kwa kuwa droni imefika. Na kwa watendaji wa vijiji nina ombi moja: kikundi kikimaliza kazi, kisiondoke na ramani ya rangi. Nakala yake ibaki ofisini kwenu, imeandikwa tarehe, saa na hali ya hewa, na imesainiwa na rubani, ili watakaoendelea kutafuta kesho yake waanze na zile sehemu nyekundu.